Adui Anayesubiri Zamu Yake

Ukipita barabara ya nyuma ya soko, karibu kila ukuta una mwandiko wa wifi yangu. Duka la dawa ni kazi yake, kinyozi ni kazi yake, hata lile onyo la "Usikojoe Hapa", lililochorwa vizuri mpaka watu husimama kulisoma, jambo ambalo halikuwa kusudi. Walimwita Mama Herufi, na jina likamkaa ingawa mtoto hana. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Kila herufi aliichora kwanza kwa chaki, akarudi nyuma, akakunja mikono na kuitazama weee, muda ambao fundi mwingine angekuwa ameshamaliza na kwenda zake.

"Rangi haifutiki," alikuwa akisema. "Pa kukosea ni kwenye chaki."

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Alipotoka hospitali alikuja kukaa kwetu, katika chumba cha mbele ambamo mume wangu, mdogo wake, alikuwa akirundika sponji na vitambaa. Mume wangu ni fundi wa makochi. Anaitwa Nyundo, na hilo si jina la kazi tu, ndivyo anavyojadiliana.

Ndugu hawa wawili wana ugonjwa wao wa tangu ujana, nao ni gemu moja ya hadithi ndefu, ya wasafiri wanne wanaoitafuta kengele iliyoibwa. Walishazimaliza sehemu zote tatu mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mapigano yake ni ya zamu. Unachagua pigo na kupiga, adui amesimama anakutazama. Halafu zamu yake, nawe unasimama unapigwa. Mimi niliuona huo upuuzi wa watu wazima. Siku moja nikamkuta wifi peke yake, padi ya gemu mapajani, kidole gumba cha kushoto kikitembea taratibu kutoka kitufe hadi kitufe, akiliangusha joka lililomshinda Nyundo wiki nzima. Asubuhi ile ile mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya blauzi. Sikuuita upuuzi tena.

Ndipo habari zikaja kwamba sehemu ya nne inatoka, na zamu zimefutwa. Sasa ni papo kwa papo: unakimbia, unakwepa, unapiga, na adui hakusubiri ng'o. Grupu la mashabiki kwenye simu likawaka moto. Upande mmoja walijiita Wazamu, wakasema gemu yao imeuawa na kuzikwa bila matanga. Upande wa pili walijibu kwamba maiti huwa hana zamu. Watu wazima, wenye kazi na familia, walitukanana kama wamegombea shamba la urithi. Na kinara wa upande wa pili alikuwa mume wangu.

"Adui gani anasimama kumsubiri mtu ampige?" alisoma kwa sauti huku akiandika. "Huyo si adui, ni mjinga!"

Wifi alikuwa ameketi hapo hapo. Alikunywa chai yake, akasema tu, "Watakuwa wametuwekea na sisi njia yetu." Alikuwa ameingoja sehemu hiyo tangu kabla ya kuugua, na hospitali aliniambia kuwa atapona hata kwa sababu hiyo tu. Roho iliniuma. Nikamfuata mume wangu karakana.

"Wewe mwanamume, dada yako atachezaje?"

"Dada?" akashangaa, misumari mdomoni. "Dada hajawahi kushindwa kitu."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa na imani tu, na imani yake haikuwa na macho.

Sehemu ya nne ilipotoka, Jumamosi mchana Nyundo akaileta. Wakakaa kwenye kochi la mteja lililokuwa bado halijavalishwa kitambaa, mimi nikawa mlangoni nikijifanya nakunja nguo. Wifi akaanza. Kufumba na kufumbua, amekufa. Akaanza tena, akafa kabla kidole hakijafika kwenye kitufe cha kukwepa. Akatafuta kwenye mipangilio ile "njia yetu" ya kucheza kwa zamu, akatafuta mara ya pili, haikuwapo. Akarudi, akafa. Kila mara alisema "mhm" ndogo, na kila "mhm" ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

"Ngoja, dada," Nyundo akasema, akasogea na kushika upande wa kulia wa padi. "Wewe kimbia, mimi nipige."

Wakashika pamoja, kila mmoja kwa mkono mmoja, wakigombana, "Sasa!" "Bado!" mpaka adui akaanguka. Nyundo aliruka mpaka springi za mteja zikalia.

"Tumeshinda!"

"Umeshinda," wifi akasema, akamwachia padi.

"Si tumepiga wote?"

"Mdogo wangu, naoshwa kwa mkono wa mtu, navalishwa kwa mkono wa mtu, nakatiwa nyama kama mtoto. Nashukuru, wala sisemi kwa ubaya. Lakini kwenye gemu nilikuwa napigana mwenyewe."

Nyundo akachukua simu. "Nawaandikia wa kwenye grupu sasa hivi. Nitawaambia kuna watu..."

"Thubutu!" Wifi alimkazia macho. "Usinifanye mimi ushahidi. Gemu ni nzuri, nimeiona, na wewe unaipenda. Ipende. Ila huyo adui anayesubiri, usimwite tena mjinga."

Nyundo akaiweka simu chini. Sijui kama alilia. Aligeuka kutafuta nyundo ambayo ilikuwa mbele yake.

Sehemu ya nne ameimaliza, chumbani kwetu, na bado anaitetea kwenye grupu, ingawa sasa huandika kidogo na kufuta sana. Jumamosi iliyofuata alikuja chumba cha mbele bila kuitwa, akawasha sehemu ya tatu, akampa dada yake padi. Likatokea joka lile lile. Zamu ikawa ya wifi. Akaegemea nyuma, akalitazama weee, kama anavyotazama chaki ukutani, na joka nalo likasimama linamtazama. Zamani hapa mume wangu angepiga kelele, "Piga basi, tunazeeka!" Safari hii alikunja mikono.

"Taratibu tu, dada," akasema.

"Sijakuomba ruhusa," wifi akajibu, akapiga.