Muswada Usionyeshewe

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya ofisi ya mbunge, hapa Tunduma, na muungurumo wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka ulianza kunibembeleza nilale kwenye benchi. Mbele yangu mama mmoja anayepika chumvi Ivuna aliuliza habari za muswada wa kuwazuia matajiri kuwafukuza wapika chumvi wadogo.

"Mheshimiwa ameusaini kuuunga mkono, mama, yeye na wenzake," msaidizi wa mbunge alisema, mkono kifuani.

"Sasa uko wapi?"

"Kwenye kamati, Dodoma."

"Huko kuna bati?"

"Bati la nini, mama?"

"Chumvi yetu ikinyeshewa inaisha. Nauliza kama muswada nao haunyeshewi."

Msaidizi akacheka peke yake. Mama akafungua pindo la kanga, akaweka bonge la chumvi mezani.

"Mpe Mheshimiwa. Mwambie vigingi vya tajiri vimefika jikoni kwangu."

Akatoka, ukungu ukammeza.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Bonge lilikuwa palepale, likimsubiri Mheshimiwa. Unyevu wa ukungu ulishalifikia, likawa linayeyuka na kudondoka polepole sakafuni, ndani ya ofisi yenye bati.