Nanasi la Krismasi na Chupa ya Baba

Sie tuliokulia Temeke, Krismasi yetu haikuanza kwa mti wala taa. Kwetu ilianza kwa mananasi matano kuegemezwa ukuta wa jikoni, yakinukia hadi chumbani, nasi tumekatazwa hata kuyagusa. Mama aliyamenya, akayakata vipande vya mviringo, akavipanga kwenye sufuria pana na kuvimwagia shira ya sukari guru yenye mdalasini na karafuu. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Kila mara mfuniko ulifunuliwa kwa koleo, vipande vikapakwa shira upya kwa mgongo wa upawa, mpaka vikang'aa kama viatu vya siku ya kufungua shule. Vililiwa na paja la mbuzi la kuoka. Wanangu leo huiuliza simu namna ya kuoka nanasi. Jibu wanalipata kabla hawajamaliza swali. Nanasi lenyewe hawajanunua.

Mbuzi alichinjwa na mume wa Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Sisi tulikuwa Wakristo kutoka bara, wao Waislamu wenyeji wa hapo hapo, na akichinja yeye, nyumba zote mbili zilikula bila wasiwasi. Idi tulikula kwao, Krismasi wakala kwetu.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, Mama alinikabidhi sufuria akaenda kanisani. Baba alikuwa karani aliyewahi kualikwa mara moja kwenye chakula cha wakubwa hotelini, na hakuacha kutusimulia. Akaja jikoni na chupa ya mvinyo wa Dodoma aliyopewa zawadi kazini, akamimina kikombe kizima kwenye shira, akasema ndivyo wafanyavyo wanaojua kula, akarudi kwenye redio yake. Nia mbaya hakuwa nayo. Mimi nami nilionja, nikarudia kuonja, kwa bidii ambayo chuo kikuu sikuionyesha kwenye somo lolote.

Akili ilinijia Mama amesharudi na sote tumeshakaa mkekani uani. Bi Tatu alikuwa na vipande viwili sahanini. Nikamtazama Baba, alikuwa katikati ya hadithi ya hotelini. Enzi zetu mtoto hakudakia maneno ya wakubwa, sembuse kumwaibisha baba yake mbele ya wageni siku ya sikukuu. Lakini Bi Tatu ndiye aliyenilea Mama akiwa kazini, na mkono wake ulikuwa njiani kuelekea mdomoni.

"Bi Tatu, usile. Baba katia pombe."

Baba aliweka sahani chini. "Nisamehe, dada yangu. Nilisahau kabisa."

Bi Tatu alirudisha kipande, akanawa taratibu. "Umesahau kama tunaswali, Baba Neema, au umesahau kama tupo?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe hebu nipulizie nikunuse. Umeonja vijiko vingapi?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, na kofi nililokuwa nalisubiri halikuja.

Kuanzia mwaka uliofuata, Bi Tatu alifika asubuhi ya Krismasi na bakuli la ukwaju, akakaa kando ya sufuria mpaka chakula kikapakuliwa. Shira ya ukwaju ilikuwa tamu zaidi. Mama alilikubali hilo kwa shida. Baba alipigwa marufuku jikoni.

Sasa ninaishi Boko, nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme. Krismasi iliyopita nilioka nanasi kwenye oveni, nikafunika sahani, nikaenda kugonga geti la jirani. Mlinzi akaniuliza kwa adabu namtafuta nani. Miaka sita tumepakana, na jina silijui, wala sijui wanaswali wapi. Nikarudi na sahani yangu. Naweza kumimina chochote nitakacho kwenye shira siku hizi; hakuna wa kumwambia asile.