Ni mahakama gani inaweza kuamuru mtu asalimiwe? Yaliyonikuta Gendabi

Wakuu, mlio wadogo kwangu marahaba. Wakubwa, kama mmebaki humu, shikamooni.

Hili ni langu mwenyewe, sikusimuliwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo uongo wa kupangwa vizuri siuwezi. Mkiona mahali pamepinda, ni kidole changu kwenye simu, siyo habari.

Nilitoka Dongobesh na jembe na blanketi. Leo nina shamba Gendabi na mashine ya kusaga. Sikurithi kwa mtu. Naliweka wazi mapema maana humu kuna vijana wanapenda kuuliza "mzee una nini?"

Sasa. Jirani yangu Tluway, Mwiraqw mwenzangu, alikuta mahindi yake yameliwa shambani. Akasema ni ng'ombe wa Gidamis, Mbarbaig mfugaji wa kule chini. Gidamis akawekwa ndani Katesh.

Mimi asubuhi ile mahindi yalipoliwa nilikuwa naenda kuwasha mashine. Ukungu ulishuka kutoka mlima Hanang mpaka ukawa unatembea na mimi. Ndani yake nikaona maksai wawili wanatafuna mahindi taratibu, kama wako kwao.

Na kweli walikuwa kwao. Maksai wa Tluway mwenyewe, shingo zimechubuka kwa nira. Ng'ombe wa Gidamis hawajawahi kulima.

Nikamwambia Tluway. Akacheka. "Mzee Boay, ukungu unadanganya."

Nikamjibu, "Ukungu haujawahi kuvaa nira."

Gidamis alitetewa na wakili wa msaada wa kisheria, binti mwembamba anaitwa Magdalena. Alikuja kwangu viatu vimejaa tope.

"Shikamoo babu. Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Marahaba. Kwani hakimu anauma?"

Nikasema. Gidamis akaachiwa.

Hapo ndipo yangu yalipoanza. Wazee wa kwetu wakakaa, wakasema nimemtupa ndugu kwa ajili ya mtu wa mkuki. Wakanipa adhabu ya zamani ya kwetu: nisipewe moto, nisipewe salamu, mpaka nilete mbuzi na pombe na kusema niliona vibaya.

Habari ya moto nilicheka sana. Nina viberiti, nina mtungi wa gesi, watanifanya nini?

Wakuu, salamu haiuzwi dukani.

Wamama walipakia mahindi kwenye punda wakapeleka kusaga Nangwa. Walipita mlangoni kwangu wakiangalia mlima. Watoto wa shule walikuwa wanafungua mdomo kwa mazoea, "shi..." halafu wanaumeza na kukimbia.

Mashine ikanyamaza. Mke wangu alishatangulia, kwa hiyo nyumbani nako ni kimya. Nilikuwa nakaa mchana kutwa juu ya gunia tupu. Jua linaingia kwenye matundu ya bati, vumbi la unga wa zamani linaelea kwenye mwanga polepole, halitui. Nikawa sijui kama nimelala au niko macho. Nasikia shikamoo kwenye upepo, naitikia. Siku moja niliitikia marahaba, kutazama mlangoni ni beberu la jirani.

Msinicheke. Mtu asiyesalimiwa anaanza kupungua. Nilikuwa natazama mikono yangu kuhakikisha bado ipo.

Magdalena akarudi.

"Babu, hii ni human rights. Tunaweza kufungua kesi."

"Hakimu ataamuru nini?"

"Wasikuzuie maji, njia, biashara yako."

"Ataamuru wanisalimu?"

Akaokota kijiti, akawa anachora chini.

"Hapana babu. Mtu ana uhuru wa kusalimu na wa kutosalimu. Ukimlazimisha, hiyo siyo shikamoo tena. Sheria inakufikisha mlangoni tu. Ndani wanakaa watu." Halafu akaniangalia kwa pembeni. "Au upeleke mbuzi, yaishe?"

"Binti, mbuzi wapo. Macho ya kubadilisha sina."

Akatabasamu, akaondoka. Kesi sikufungua.

Nikarudi juu ya gunia langu. Ukungu ukaja, ukaondoka, ukaja.

Asubuhi moja nikasikia, "Shikamoo, Mzee Boay."

Sikuitikia. Nilidhani ni upepo uleule.

"Shikamoo nasema! Au na wewe umenitenga?"

Alikuwa Mama Safari, mjane wa kaka yake Tluway, amesimama mlangoni na debe la mahindi kichwani.

"Marahaba. Mama, watakutenga na wewe."

"Wanitenge! Shemeji anasogeza mpaka wa shamba la marehemu. Wewe ulikuwepo tukiupanda miti. Nataka shahidi ambaye hata Tluway mwenyewe anajua hawezi kusema asichokiona."

Akashusha debe. "Washa mashine bwana. Nimechoka na Nangwa."

Nikawasha. Ikakohoa kama mzee aliyelala muda mrefu, halafu ikashika. Ule mlio ukaingia kwenye ukungu ukashuka mpaka bondeni, na mimi nikahisi miguu yangu imegusa chini.

Nilikwenda tena Katesh kusema nilichoona. Mama Safari bado analima palepale. Baada yake walirudi wengine na madebe yao, siyo wote. Mbuzi sikupeleka.

Tluway mpaka leo hanisalimu. Ni uhuru wake.

Nilichojifunza: ukweli uliowakera watu jana, ndio huohuo watakuja kuuazima kesho. Usiuuze kwa bei ya mbuzi. Na haki nyingine haiji na muhuri, inajileta yenyewe na debe kichwani.

Wanasheria mliomo humu, nisahihisheni pale binti alipokosea, kama alikosea. Na waliowahi kutengwa waseme walitokaje.

Ila ukiingia kuchangia, anza na salamu.