Yaya wa Al Wakrah

Kila Ijumaa baada ya ibada kule Mesaimeer, hapa Qatar, nilimsomea mke wangu kumbukumbu za Wamarekani weusi. Nilitaka kuuelewa ubaguzi wao kwa mpangilio, kuanzia utumwa. Siku moja tulifikia kisa cha yaya mweusi aliyeachishwa kazi bila kuruhusiwa kumuaga mtoto wa kizungu aliyemlea.

Mke wangu, naye yaya huko Al Wakrah, akanishika mkono.

“Baba watoto, ngoja. Wangu ninayemlea anaanza shule. Mkataba wangu hawataurefusha.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningesema nini? Kwamba ninamlilia mtoto wa watu?”

Nilifunga kitabu, nikamwomba anisimulie habari za mtoto huyo tangu mwanzo.

“Nilipopewa nimshike,” akaanza, “alikuwa analia. Akanyamaza.”