Gemu za Ndege za Chumbani kwa Fundi

Mwezi jana nilirudi Changamwe kumtazama mama, na kabla sijavua viatu nikasikia mlio wa kombora linalotafuta shabaha. Wajua ule mlio: mwembamba, wa haraka haraka, kisha unanyooka ukawa mmoja. Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, anaendesha ndege ya kivita juu ya bahari ambayo maji yake yaling'aa kama maji ya kweli. Hakugeuka. Aliniamkia shikamoo huku akipiga kona.

"Shangazi," akasema, "baba anasema hizi gemu za zamani wewe ulizicheza zote. Ipi ilikuwa bora?"

"Ya pili," nikamwambia.

"Na mbovu?"

"Ya tatu. Hiyo hata sina haja ya kufikiri."

Alitaka sababu, nikaketi nikamweleza, na maelezo yakawa marefu kuliko nilivyokusudia. Lakini yapo ambayo sikumweleza, kwa kuwa siku ile hata mimi sikuwa nayajua. Wewe nitakueleza yote.

Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, safu mbili za milango zinazotazamana. Baba alikuwa akijaza malori kwenye bohari la mafuta, na nguo zake hazikutoka harufu ya dizeli hata mama azisugue namna gani. Mama alikaanga viazi karai vya kuuza mbele ya mlango. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kumenya ndoo nzima ya viazi na kuchota maji, ndipo niruhusiwe kwenda kucheza. Kutwa malori yalinguruma yakielekea bandarini, hata watu wa kwetu tukazoea kuzungumza kwa sauti ya juu, mpaka leo nikiwa ugenini naambiwa nisipige kelele. Kisha, mara chache kwa siku, ndege ilipita juu ya mabati ikishuka uwanjani, na hapo kila mtu alinyamaza mpaka ipite.

Jirani yetu wa mlango wa tatu tulimwita Fundi. Alikuwa ametengeneza ndege pale uwanjani miaka mingi, mpaka sikio lake moja likafa kwa kelele za injini na akapumzishwa kazi. Mwanawe mkubwa, baharia, alimletea mashine ya gemu, naye akaiweka kwenye chumba chake cha mbele pamoja na televisheni na benchi mbili. Hapakuwa na gemu za mpira wala za ngumi. Ndege tu. Ukiangushwa unampa mwenzako zamu, unarudi nyuma kwenye benchi.

Msichana nilikuwa mimi peke yangu. Mama hakupendezwa, lakini alimwamini Fundi, na kwa Fundi matusi hayakuruhusiwa. Alikaa nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi, akitusahihisha.

"Usiivute pua juu hivyo, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ndege yasimama hewani kwa mwendo. Ukiumaliza mwendo, bawa halina cha kushika, yaanguka kama jiwe."

Maneno yale niliyajifunzia kwenye gemu ya kwanza. Gemu yenyewe ilikuwa na sura mbaya. Milima ilikuwa pembetatu, bahari kama shuka la buluu lililopigwa pasi, na adui walikuja kwa mstari mmoja kama watoto wa gwaride. Lakini ilikuwa na haki. Ukianguka, ulijua ni wewe uliyekosea, na ulijua ulikosea wapi.

Ya pili ilipokuja, watoto wa mtaa mzima hatukuwa na habari nyingine. Ukiingia kwenye wingu, matone yalitambaa kwenye kioo chako. Adui walikuwa na tabia zao: yupo aliyekuwa mwoga, anakimbilia upande wa jua ili usimwone, na yupo mwenye subira, anakungoja nyuma ya mlima. Makombora yalikuwa ya kuhesabu, kwa hivyo hukufyatua ovyo. Na zaidi ya yote, ilichezwa na watu wawili. Televisheni ilijikata nusu, wewe juu na mwenzako chini, mkisindikiza ndege kubwa ya mizigo ndani ya bonde jembamba huku adui wakimiminika kutoka juu. Bonde lile liliwashinda hata vijana wa kazi waliokuja Jumapili kujaribu.

Mimi nililicheza na mtoto wa dereva wa lori aliyehamia kutoka bara; wao walikaa mlango wa mwisho. Tulikuwa darasa moja. Yeye alishambulia mbele, mimi nikamlinda mgongo. "Kushoto kwako, juu," nilikuwa nikimwambia, naye alikuwa amegeuka kabla sijamaliza. Hakuwahi kutazama nyuma. Nyuma nilikuwa mimi. Tulipolivuka bonde mara ya kwanza, Fundi aliweka kikombe chini akatupa mkono sote wawili, kama watu wazima.

Ya tatu tuliingoja karibu mwaka. Baharia alikuwa ameandika kwamba imetoka, ataileta akirudi, na sisi tukawa tunaizungumza njiani kwenda shule kana kwamba tumeshaiona. Ilipofika, jalada lilikuwa na ndege nyeusi inayopita katikati ya maghorofa yanayowaka moto. Tulijaa chumbani Jumamosi asubuhi mpaka wengine wakasimama dirishani.

Nakwambia, sijawahi kuona furaha ikipoa polepole namna ile. Ndege ilijiendesha. Ulibonyeza kitufe kimoja ikajishika kwenye mkia wa adui kama gari lililofungwa kamba, kazi yako ikawa kutazama. Makombora hayakwisha. Adui mkubwa alipigwa mara kumi na asife, kwa sababu hadithi haikuwa imefika mahali pake pa kufa. Ilipofika, alikufa hata uliyemlenga akiwa mwingine. Mara unanyang'anywa ndege, unaonyeshwa askari wanazungumza juu ya wake zao. Na tulipotafuta mahali pa kucheza wawili, hapakuwapo. Walikuwa wamepaondoa.

Fundi alicheza mara moja, jambo alilolifanya kwa nadra, kisha akairudisha CD kwenye jalada lake. "Hii yakufanya abiria," akasema.

Nilihisi nimeibiwa. Ningewezaje kujua kwamba kitu ulichokingoja kwa mapenzi kinaweza kuja na sura nzuri kuliko zote na ndani kisiwe na chochote? Tuliirudia ya pili. Na ni kwa sababu ya ya pili ndipo yakatokea haya mengine.

Kule Likoni, ng'ambo ya feri, palikuwa na chumba kama chetu, na mwenyewe alikuwa rafiki wa zamani wa Fundi. Wakaafikiana kushindanisha watoto wao, wawili kwa wawili, katika lile bonde. Fundi alitutangaza bila hata kufikiri. "Wangu ni hawa," akasema, akatugusa mabegani.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Nilimenya viazi kwa kasi mpaka nikajikata kidole, nikafunga kitambaa nikaenda hivyo hivyo. Sikuwa nimewahi kuvuka feri isipokuwa mara moja, kwenda msibani. Ijumaa Fundi alituambia tuondoke saa tatu asubuhi, tuvae vizuri. Mama alinisuka nywele, akaipiga pasi gauni yangu ya kanisani. Aliyekuwa hapendi mimi kwenda kule ndiye aliyenifungulia mlango asubuhi, akaniambia niende nikawaonyeshe.

Nilifika saa mbili na nusu. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa. Mke wa Fundi alikuwa anafagia.

"Wameshaondoka tangu saa moja," akasema. "Wamekwenda na yule kijana wa kidato cha pili. Mbona umevaa hivyo? Mwenzako si alisema wewe hutaki, waogopa feri?"

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

Nilirudi nyumbani nikavua gauni, nikaketi mbele ya ndoo ya viazi. Mama alinitazama, akaniletea kisu. Siku ile nilimenya viazi vya siku mbili.

Ningependa kukwambia kwamba walishindwa. Walishinda. Walirudi alasiri wakiimba, na kikombe cha bati. Nilimngoja mwenzangu mlangoni kwa Fundi.

"Ulisema siendi?"

Akatazama miguu yake. "Ndiyo."

"Kwa nini?"

Fundi ndiye aliyenijia, akaniwekea mkono kichwani. "Wacha, mwanangu," akasema. "Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Wallahi, lau ni mimi, ningekwenda na wewe."

Tangu siku hiyo sikuzungumza tena na yule mvulana. Tulikaa darasa moja mwaka mzima na zaidi, dawati lake mbele ya langu, na sikumwazima hata kifutio. Mara moja aliniachia barua ndani ya kitabu. Niliichana bila kuisoma, mbele yake. Baadaye baba yake alihamishwa kikazi, wakaenda, na sikutoka nje kuwaaga.

Kwa Fundi niliendelea kwenda. Alinitolea vitabu vyake vya zamani vya injini, akanichorea mabawa na mishale ya upepo nyuma ya kalenda. Leo ninafundisha fizikia shule ya upili huko Voi, na kwa miaka yote nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba nilianzia kwenye benchi ya mzee mmoja aliyeniamini wakati watoto wenzangu wamenigeuka. Alipofariki miaka mitatu iliyopita, nilipanda gari la kwanza asubuhi. Nikakaa kwenye jamvi na wanawake, na kila aliyeniuliza mimi ni nani kwake nilimwambia, yeye ndiye aliyenifanya.

Sasa, siku ya pili ya safari hii ya mwezi jana, mama alinituma unga. Pale alipokuwa Fundi na televisheni yake pamekuwa duka la kutengeneza simu, na vijana wa pale hawajui hata kwamba paliwahi kuwa na benchi. Nilikuwa nimesimama nikipatazama, na mtu mmoja mnene, mwenye mvi kidogo, akashuka kwenye lori.

"Mwalimu," akaniita. "Hunijui?"

Nilimjua kwa namna alivyotazama miguu yake.

Tulisalimiana. Akaniambia anaendesha lori kama babake, ana watoto wanne. Kisha akasema, "Nilikuona kwenye matanga ya Fundi. Nilikuwa upande wa wanaume. Nilikuona unavyolia, nikasema nikikutana nawe tena nitakwambia."

"Uniambie nini?"

"Ile habari ya feri. Si mimi niliyeitunga."

Nikamsogelea, maana malori yalikuwa yakinguruma.

"Wale wa Likoni walileta habari Ijumaa jioni, kwamba hawachezi na msichana," akasema. "Fundi hakutaka kubishana na rafiki yake. Asubuhi akaja kuniamsha. Akaniambia, utasema yeye mwenyewe amekataa. Ukisema hivyo, twenda. Usiposema, hakuna anayekwenda."

"Nawe ukasema."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitaka kwenda." Akapangusa uso. "Nilidhani yeye atakueleza baadaye. Nilipomsikia anakwambia watoto wa kiume ndivyo walivyo, nikashindwa hata kufungua mdomo. Nikakuandikia."

"Niliichana."

"Nilikuona."

Lori lake lilikuwa limeziba njia na watu walianza kupiga honi. Akaniomba msamaha, nikamwambia sawa, nikasikia sauti yangu kama ya mtu anayejibu swali la njiani. Akapanda akaondoka. Sikumwomba namba ya simu, naye hakunipa.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Ile gemu ya tatu ilitudanganya sote sawasawa, watoto wote waliosimama mpaka dirishani, na waliotudanganya walikuwa mbali, hawakujua hata kama tupo. Fundi alinijua. Alijua saa ninayomaliza viazi, alijua upande ninaopenda kugeukia. Aliamka kabla ya jua akaenda mlango wa mwisho kumfundisha mtoto uongo, kisha alasiri akaniwekea mkono kichwani akamwachia yule mtoto mzigo wote. Na mimi nikamshukuru. Nikamshukuru miaka zaidi ya ishirini, mbele ya madarasa, mbele ya watu waliokaa msibani. Lau angeniambia tu kwamba wa Likoni wamekataa, ningelia siku moja na ningebaki na rafiki yangu.

Hayupo wa kumuuliza. Hilo ndilo linalonichoma kupita hata uongo wenyewe. Chumba hakipo, benchi hazipo, na mtu pekee ambaye angeweza kunitazama akanijibu yuko mchangani, nami nilimlilia.

Kabla ya kurudi Voi nilikwenda kumwamkia mjane wake, kwa sababu mama angeshangaa nisipokwenda. Amehamia kwa bintiye, nyumba ya nyuma. Amezeeka, macho yamefifia, lakini aliijua sauti yangu tangu mlangoni. Akanikalisha karibu yake kitandani, akaagiza niletewe chai na mahamri.

"Fundi alikupenda sana," akasema. "Kila akikutaja alikuwa akinyamaza kidogo kwanza. Sijui kwa nini."

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limenijaa kinywani. Nikaitazama mikono yake iliyoshika wangu, midogo, mikavu.

"Najua, mama," nikamwambia. "Kunywa chai, itapoa."