Fomu Isiyo na Safu ya Sauna

Saa tatu asubuhi, baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, Aune Turpeinen anakung'uta theluji viatuni na kuingia jikoni kwa Mzee Urho Ikonen. Kabla hajavua koti anauliza:

"Umeoga?"

"Sijaoga, sista. Naona haya hata kukupa kidole," anajibu mzee, miaka sabini na tisa. "Mama yangu angefufuka anichape."

"Na afufuke. Nitampima naye."

Aune, 58, ni mchukua damu wa vijiji vya Kuikkavaara, mashariki mwa Finland. Anamtoboa mzee kidole na kuweka tone moja kwenye kijikaratasi kidogo kama ukucha, kilichochomekwa kwenye kijisanduku.

Anapima kolesteroli, mafuta yale yanayoziba mishipa ya moyo. Vijikaratasi vya zamani vilitegemea vimeng'enya, vikawa vinaharibika garini kwa baridi. Hivi vipya, vya majaribio ya chuo kikuu, vimepakwa plastiki yenye vishimo visivyoonekana kwa macho, vyenye umbo la chembe ya kolesteroli. Chembe zikiingia humo, umeme mdogo hubadilika, kijisanduku kinasoma. Dakika tatu tu, jibu liko mezani kando ya kikombe cha kahawa.

Kifaa utadhani kimetengenezwa kwa ajili ya hapa. Na wakubwa wa mkoa wanataka kukiondoa mwisho wa mwezi.

Ndio hao hao waliofunga zahanati miaka mitatu iliyopita. Hospitali iko kilomita themanini na sita. Mzee Urho, ambaye moyo wake umeshamwangusha mara moja, hakupimwa tena mpaka Aune alipoleta kijisanduku.

Msimu wa vuli Aune aliwapima watu arobaini na mmoja. Kesho yake walipelekwa mjini kutolewa damu ya mkononi, ili kulinganisha. Kwa watu ishirini na tisa, kijikaratasi kilikuwa kimesoma juu zaidi. Wakubwa wakasema kinadanganya.

"Hakuna aliyeuliza watu walifanya nini asubuhi ile," anasema Aune.

Walioga. Huku kwetu, mtu wa hospitali akija, unawasha sauna alfajiri, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto, unatoka jasho mpaka ngozi iwe nyekundu, ndipo unampa mwili msafi. Ni heshima. Lakini jasho linamaliza maji mwilini, damu inakuwa nzito, kipimo kinapanda. Kijikaratasi kilisema kweli. Damu ya kesho yake, maji yakiwa yamesharudi mwilini, ndiyo ilikuwa nyingine.

"Niliona moshi kila nyumba nikasema, watu hawa wana adabu," anasema. "Mjinga na mimi nimo."

Alimpigia simu mkurugenzi wa afya wa mkoa. "Akaniambia fomu haina safu ya sauna. Na yeye anayo, ya umeme, bafuni kwake."

Zahanati ilipofungwa, hakuna aliyejali safu za fomu. Makaburi ya kanisa hapa yamejaa watu wa moyo. Mke wa mwandishi huyu yumo. Alifia njiani kwenda hospitali, kilomita ya sitini, na mpaka leo hakuna mkubwa aliyeulizwa.

Kwa hiyo Aune anarudia kazi yote, siku zake za likizo. Tone la kidoleni na chupa ya damu ya mkononi, kiti kimoja, wakati mmoja, bila sauna. Chupa anazificha ndani ya koti zisigande, kisha anaendesha mwenyewe hadi maabara. Kwa watu tisa wa kwanza, majibu mawili yamekaribiana sana.

Mzee Urho ni wa kumi. Kijisanduku kinasoma 5.6. Vuli kilisoma 6.4.

"Wamebaki thelathini na mmoja, na siku kumi na moja," anasema Aune, akifunga begi. "Karatasi yangu nitampelekea mkurugenzi mkononi. Safu ya sauna nimeshaichora kwa kalamu. Aifute mbele yangu."

Mzee ananyonya kidole. "Sasa niwashe?"

"Washa."

"Basi ukimwona huyo mkubwa, mwambie aje. Benchi la juu, lenye moto kuliko yote, nitamwachia yeye. Akitoka, mpime."