Pikipiki Iliyokataa Kubeba Wawili

Mume wa dada yangu ni fundi pikipiki, na mtaani wanamwita Kucha. Jina hilo alilipata kwa sababu ya plagi, maana pengo lake, linalorukwa na cheche ya kuwasha injini, hulipima kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukipita kwa kukwaruza kidogo, kwake plagi iko sawa. Mimi nina duka la vipuri linalopakana ukuta na gereji yake, na kipimo halali cha chuma kimekaa kwenye kabati langu la kioo hadi kimeshika vumbi. Kila nikimwonyesha hunijibu kwamba ukucha haununuliwi. Ni shemeji yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumwambia kwamba hata ubishi haununuliwi, ndiyo maana anao mwingi.

Lakini kuna jambo ambalo hata mimi sikumtania. Miaka kadhaa nyuma aliteleza na pikipiki kwenye mvua, dada akiwa amekaa nyuma. Yeye alichubuka viwiko, dada akavunjika mguu. Tangu hapo hajampakia mtu yeyote. Pikipiki za wateja huzijaribu peke yake, na dada akitaka kwenda popote wanatembea wote wawili, yeye upande wa magari, amemshika kiwiko kama anayemvusha bibi kizee. Dada hakuwahi kumlaumu kwa ajali ile. Nilimlaumu mimi kwa niaba yake, na kazi hiyo niliifanya vizuri.

Basi akaja mwoka mikate na pikipiki yake ya turbo. Ilikuwa pikipiki kubwa ya zamani, ameirithi kwa mjomba wake, na gereji nzima iliacha kazi ikaja kuichungulia. Turbo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa eksozi, nayo huisukumia injini hewa kwa nguvu. Injini isipokuwa na kazi nzito, feni hiyo inasinzia tu.

"Nikiwa peke yangu haina shida, fundi," mwoka mikate alisema. "Nikimpakia mke wangu, tukianza kupanda mlima, inakata. Pa, pa, pa. Juzi ilitukatia mbele ya lori. Mke wangu ameapa hapandi tena."

Kucha akaiwasha, ikanguruma bila kosa. Akafungua plagi, akaona zimelika, akaja kwangu kuchukua mpya, akazipima kwa ukucha. Akabadilisha waya za koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, akasafisha kichungi cha mafuta, akakaza mabomba ya hewa yanayotoka kwenye turbo. Kisha akaipandisha mlima peke yake, ikapanda. Kesho yake mwoka mikate akarudi amenuna. Alikuwa amempakia kaka yake, na mlimani ilikata vilevile.

Hapo hata mimi muuza duka nikaelewa. Ugonjwa ule hauonekani mgonjwa akipumzika, mpaka abebe. Mwoka mikate akajitolea kukaa nyuma, na Kucha akakataa kabla mwenzake hajamaliza kusema. Akaanza kuzunguka gereji akitafuta gunia la mchanga. Dada akamkuta katika hali hiyo, amemletea chakula cha mchana.

"Gunia la nini?" dada akauliza.

"La kufunga nyuma. Nataka uzito."

"Kwani mimi sina uzito?"

Tulicheka wote isipokuwa Kucha. "Hapana, mama watoto," akasema. Lakini dada alikuwa ameshaweka chakula kwenye benchi na kupanda kiti cha nyuma.

Wakaondoka. Nilisimama mlangoni kwangu nikisikiliza, na pikipiki ilipanda mlima kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Waliporudi Kucha akasema, "Haijakata."

"Itakataje?" dada akamjibu. "Umenibeba kama trei ya mayai. Hiyo turbo yenyewe haijaamka."

"Mguu wako..."

"Mguu wangu ulipona zamani. Wewe unayenitembeza umenishika kiwiko mbele za watu, wewe ndiye unayenifanya kilema."

Hakupandisha sauti. Nilitafuta mzaha wa kuokoa hali na kwa mara ya kwanza maishani nikaukosa. Nilimtazama shemeji usoni, nikamwonea huruma. Miaka yote nilidhani anajutia kosa, kumbe mtu alikuwa anaogopa.

Kucha akafuta viganja kwenye suruali. "Shika vizuri," akasema.

"Nimeshika."

Safari hii tulisikia injini ikifunguka kwenye kona ya kwanza, turbo ikapiga mluzi, na katikati ya mlima, pa, pa, pa. Nikapiga makofi. Mwoka mikate alinitazama kwa hasira, maana pikipiki yake ni mbovu na mimi nashangilia. Sikumjali, nilikuwa na furaha zangu.

Waliporudi Kucha alianza kuongea kabla hajazima. "Si mafuta. Mafuta yakipungua injini inaishiwa pumzi polepole. Hii inakata ghafla, mshale wa geji ya turbo ukipanda tu. Nikilegeza mkono kidogo, inarudi." Akafungua plagi moja, akaiangalia, kisha akaangalia ukucha wake.

"Kwa hiyo tatizo ni nini?" dada akauliza.

"Ni mimi."

Akatueleza. Turbo inashindilia hewa nyingi ndani ya silinda, na cheche inashindwa kuruka pengo ambalo kwenye injini ya kawaida ingeliruka bila taabu. Plagi za mwanzo zilikuwa zimelika, pengo likapanuka lenyewe. Zile mpya alizitanua yeye, kwa ukucha uleule anaoutumia kwa pikipiki zote. Akaja dukani bila kuniangalia, akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. Nilikipangusa kile kipimo taratibu sana, ili apate muda wa kutosha wa kuona aibu.

Alipomaliza kubana mapengo, mwoka mikate akanyoosha mkono apewe ufunguo. Dada alikuwa ameshakaa nyuma, hashuki. Wakapanda mlima kwa sauti moja isiyokatika, wakavuka kilele, mngurumo ukapotelea upande wa pili.

"Mbona wanakwenda mbali?" mwoka mikate akaniuliza.

"Wanajaribu."

"Na mteremko nao unajaribiwa?"

"Kaa kwenye benchi," nikamwambia. "Kula chakula cha fundi kabla hakijapoa."

Jioni, nikijiandaa kufunga, Kucha aliingia akaulizia vikanyagio vya abiria vya pikipiki yake mwenyewe. Ndipo nilipojua kwamba alivifungua siku zile dada alipotoka hospitali, akavitupa, asije akashawishika kumpakia tena.

"Unataka cha upande gani?" nikamuuliza.

"Vyote viwili."

Nikapanda kwenye stuli kutafuta rafu ya juu. Dada alikuwa nje, amesimama kando ya pikipiki ya mumewe, mkono juu ya kiti.

"Fanya haraka, mdogo wangu," akaniambia. "Mimi leo sitembei."